Mwanza hadi Guangzhou: kwenda saa 15, kurudi saa 6. Hii tiketi inasomwaje?

Jirani wa Mwaloni #1

Habari za jioni wakuu.

Shemeji yangu ana duka la vifaa vya simu pale Makoroboi. Mwezi wa kumi anataka kwenda Guangzhou, China, kwenye maonyesho ya Canton, yale yanayofanyika Aprili na Oktoba kila mwaka tangu 1957. Ajenti kamtumia makadirio ya safari kwenye simu, na hapo ndipo nyumba nzima ilipogawanyika.

Kwenda: anaondoka Dar 20:00, anafika Guangzhou 11:20 kesho yake.
Kurudi: anaondoka Guangzhou 13:20, anafika Dar 19:40 siku hiyo hiyo.

Kwa hesabu ya vidole kwenda ni saa 15 na dakika 20, kurudi ni saa 6 na dakika 20. Ndege ile ile, njia ile ile! Shemeji anasema ajenti kakosea kuchapa. Mke wangu anasema kurudi ndege inakuwa nyepesi, wakati sote tunajua watu wanarudi na mabegi mpaka shingoni.

Nimeingia intaneti nitafute umbali nipige hesabu mwenyewe, nako ni vurugu. Sehemu moja wanasema Mwanza hadi Guangzhou ni km 9,100, nyingine 9,560, nyingine inapita 10,600. Umbali wa miji miwili unakuwaje na majibu matatu? Miji imehama?

Wenye uelewa karibuni.

Karanga za Buzuruga #2

Nimekaa mbele kabisa. Endeleeni.

Nyegezi Stendi #3

Mkuu hili mbona jepesi. Dunia inazunguka kuelekea mashariki. Ukienda China unaikimbiza nchi ambayo nayo inakukimbia, ndiyo maana saa 15. Ukirudi, Dar yenyewe inakuja kukupokea, saa 6 umefika. Fizikia ya kidato cha pili hiyo.

Jirani wa Mwaloni #4

Dah, inaingia akilini kiasi fulani.

Mnara wa Ilemela #5

Isiingie. Ngoja kwanza.

Mkuu Jirani, tiketi haijakosewa na ndege haijawa nyepesi. Saa zinazoandikwa kwenye tiketi ni za mji husika. Saa ya kuondoka ni ya Dar, saa ya kufika ni ya Guangzhou. Sisi tuko saa 3 mbele ya UTC, ile saa ya kimataifa, China wako saa 8 mbele. Tofauti ni saa 5, na China nzima inatumia saa ya Beijing, hata huko magharibi kabisa ambako jua linachelewa kuchomoza, kwa hiyo hamna haja ya kuuliza mji upi una saa ipi.

Sasa rudisha kila kitu kwenye saa ya nyumbani. Anaondoka Dar 20:00, saa mbili usiku. Anafika Guangzhou 11:20 ya kwao, ambayo kwetu ni 06:20, saa kumi na mbili na dakika 20 asubuhi. Kutoka saa mbili usiku mpaka hapo ni saa 10 na dakika 20.

Kurudi: anaondoka 13:20 ya kwao, kwetu ni 08:20, saa mbili na dakika 20 asubuhi. Anafika 19:40, saa moja na dakika 40 usiku. Hiyo ni saa 11 na dakika 20.

Kwa hiyo kurudi ndiko kurefu. Nyumba nzima mmekuwa mnabishania kitu kilichogeuzwa.

Jirani wa Mwaloni #6

Aisee! Wabeja sana mkuu. Nimemsomea shemeji, kanyamaza kidogo kisha anauliza: haya, saa 5 tumezipata, hiyo saa moja ya ziada kurudi inatoka wapi?

Nyegezi Stendi #7

Si ndiyo dunia kuzunguka? Nilisema mimi.

Mnara wa Ilemela #8

Hapana bwana Nyegezi, na bahati mbaya kwako hata upande umekosea. Wewe umesema kwenda China ndiko kutakuwa kurefu. Kwenda ni saa 10 na dakika 20, kurudi ni 11 na dakika 20. Nadharia yako inatabiri kinyume cha kilichopo kwenye tiketi.

Ila hoja yenyewe nimeisikia hata kwa watu wazima wenye vyeo, basi tuimalize. Hapa kwetu, tukiwa karibu kabisa na ikweta, ardhi inazunguka kwenda mashariki kwa kasi ya kilomita kama 1,670 kwa saa. Ingekuwa ndege ikiruka inaachwa na dunia, usingehitaji hata kununua mafuta. Ungepanda helikopta pale uwanja wa ndege, ukae hewani umetulia saa moja, ukishuka uko magharibi ya Kongo, maeneo ya Ziwa Mai-Ndombe. Hakuna aliyewahi kufika Kongo hivyo. Hewa inazunguka pamoja na dunia, na ndege iko ndani ya hewa. Nzi akiingia kwenye basi la Dar hapo Nyegezi, akiruka kutoka siti ya nyuma kwenda kwa dereva hahitaji kushindana na mwendo wa basi.

Kinachobaki ni upepo, na huo ndio wenye kesi.

Ndege kubwa zinakaa kilomita 10 hadi 12 juu. Kwenye kimo hicho, ukitoka tropiki ukaelekea kaskazini, kuna mikondo ya upepo mkali inayotoka magharibi kwenda mashariki. Miezi ya Desemba mpaka Februari, juu ya kaskazini ya India na kusini ya China, upepo huo unapita kilomita 200 kwa saa bila shida. Njia ya Dar–Guangzhou inagusa pembeni mwake tu, sehemu ya mwisho zaidi, kuanzia Myanmar kuingia China. Lakini kugusa kunatosha.

Piga hesabu ndogo. Dar hadi Guangzhou ni kama kilomita 8,700. Boeing 787 inatembea kilomita 900 kwa saa ndani ya hewa. Chukulia upepo kwa wastani wa njia nzima ni kilomita 50 tu kwa saa. Kwenda unakusukuma, mwendo juu ya ardhi ni 950, unatumia saa 9 na dakika 10. Kurudi unakukaba, mwendo ni 850, unatumia saa 10 na dakika 14. Tofauti saa moja na dakika nne. Ongeza kutambaa uwanjani, kupanda, kushuka na kupanga foleni ya kutua, unafika kwenye namba za tiketi yako.

Tena haiko hivyo mwaka mzima. Julai na Agosti ule mkondo wa magharibi unasogea kaskazini, unapita kaskazini ya Tibet huko, na kusini yake, juu ya India Kusini na Bahari ya Arabuni, unaingia upepo wa juu unaotoka mashariki kuja Afrika. Miezi hiyo kurudi kunapata nafuu na tofauti inapungua. Oktoba anayosafiri shemeji, ule wa magharibi unakuwa umeanza kurudi.

Na mwambie mkeo kwamba uzito una kazi yake, lakini sio hiyo. Ndege nzito inachoma mafuta zaidi na inashindwa kupanda juu mapema. Mwendo wenyewe haubadiliki sana.

Karanga za Buzuruga #9

Nzi wa Nyegezi nimempenda.

Nyegezi Stendi #10

Nitarudi na vyanzo.

Dala wa Kisumu #11

Salamu kutoka ng'ambo ya ziwa. Mnara amesema kweli, na sisi tunao mfano wetu. Kenya Airways walipoanza Nairobi–New York Oktoba 2018, ndege ya moja kwa moja, kwenda ilitangazwa kama saa 15 na kurudi kama saa 14. Kwenda ni kuelekea magharibi, upepo unakupiga usoni. Kurudi unakubeba. Ingekuwa ni dunia inaleta Nairobi au kuikimbiza, hapo pia ingekuwa kinyume.

Jirani wa Mwaloni #12

Sawa, upepo nimeukubali. Sasa namba tatu za umbali. Nani mkweli?

Mnara wa Ilemela #13

Wote watatu wanasema kweli, ila kila mmoja anajibu swali lake.

Wewe ni mtu wa ziwa, utanielewa haraka. Mwanza na Bukoba ziko mbali kiasi gani? Ndege atakwambia kilomita 180 hivi, anakata ziwa. Dereva wa basi anayezunguka kwa Geita na Biharamulo atakwambia zaidi ya 400. Aliyelala kwenye meli atakwambia usiku mmoja. Hakuna mwongo hapo.

Ile 9,100 na ushee ni mstari mfupi kuliko yote juu ya mpira wa dunia, uwanja wa Mwanza hadi Baiyun, uwanja wa Guangzhou. Hakuna ndege ya abiria inayoupita kwa mkupuo mmoja, ni hesabu ya kompyuta tu. Ile 9,560 ni kupitia Dar: Mwanza–Dar kilomita 850, halafu 8,700. Ile ya 10,600 na kitu ni kupitia Dar halafu Dubai, au Dar halafu Addis Ababa. Hizi mbili zinafurahisha: Dar–Dubai–Guangzhou na Dar–Addis–Guangzhou zote zinaangukia kama kilomita 9,800, hazipishani hata urefu wa kutoka hapa mpaka Magu. Kwa hiyo anayekwambia "usipite Dubai, unazunguka sana, pita Addis" mwulize kapimia nini. Tofauti iko kwenye nauli na muda wa kusubiri.

Kwa wapenda ramani: ule mstari mfupi wa kutoka Mwanza unaondoka kaskazini-mashariki, unakatiza Serengeti, unapita kati ya Nairobi na Mlima Kenya, unaiacha Mogadishu kidogo kusini, unavuka Bahari ya Arabuni, unaingia India karibu na Goa, unatoka upande wa pili kwenye Ghuba ya Bengali, kisha Myanmar, kisha China. Nairobi iko karibu kabisa na mstari huo, kiasi kwamba kupitia huko kunaongeza kilomita kama tano tu kwenye safari ya kilomita elfu tisa! Yaani kijiografia mlango wa Mwanza kwenda China ni Nairobi, kuliko hata Dar. Shida ni kupata ndege ya Mwanza–Nairobi inayopatana na ile ya China.

Na msishangae mkiona kwenye skrini ya kiti ndege haifuati mstari. Marubani wanapita njia zilizopangwa angani, wanakwepa mawingu ya radi, wanakwepa nchi zenye vita. Anga la Sudan lilifungwa kwa ndege za kiraia Aprili 2023, waulize wanaokwenda Ulaya kutoka huku.

Mzee wa Minofu #14

Vijana hamjambo.

Nimesoma nikakumbuka enzi za minofu. Mliozaliwa juzi hamkuziona zile Ilyushin za Warusi zikishuka hapa Mwanza, zile kubwa zenye kelele ambazo Ilemela nzima ilikuwa inajua zimefika. Zilikuwa zinabeba minofu ya sangara kwenda Ulaya. Mwanza mpaka pwani ya Ubelgiji ni kilomita kama 6,600, lakini hawakuweza kwenda moja kwa moja na mzigo ule. Ukijaza samaki unapunguza mafuta, ukijaza mafuta unapunguza samaki. Kwa hiyo zinatua njiani kujaza tena, huko kaskazini mwa Afrika, ndipo zinavuka bahari. Mwenye mzigo haulizi kilomita, anauliza zinatua mara ngapi, maana barafu haisubiri.

Moja ilitumbukia ziwani Machi 2005, muda mfupi baada ya kuruka. Walikufa wote waliokuwemo.

Halafu angalieni jambo jingine. Ubelgiji ni mbali, lakini saa zao na zetu zinapishana moja au mbili tu, maana unapanda kaskazini. Mtu akitoka Ulaya anatua hapa anaendelea na kazi. Wachina waliokuwa wanakuja kununua mabondo, vile vibofu vya hewa vya samaki, walikuwa wanasinzia mezani mchana kweupe.

Binti Ukerewe #15

Shikamoo mzee. Kumbe kusinzia kwao kulikuwa na sababu, sisi tulidhani ni dharau 😂

Naomba kuuliza, kwa nini basi kusiwe na ndege ya moja kwa moja Mwanza–Guangzhou? Mabondo yanatoka huku, wafanyabiashara wako huku, uwanja tunao. Kila kitu lazima kipite Dar?

Mzee wa Minofu #16

Marahaba binti.

Mnara wa Ilemela #17

Binti, kwa uwezo wa ndege, 787-8 ikiwa imejaa abiria inakwenda zaidi ya kilomita 13,000, kwa hiyo 9,100 sio mlima. Kinachokwamisha ni watu. Ndege ile ina viti 250 na zaidi, na lazima vijae kila safari, sio Oktoba tu. Dar inakusanya abiria wa nchi nzima, wa Comoro na wa majirani wengine, ndiyo maana Air Tanzania wakaiweka Guangzhou kutokea kule. Sisi tunaletewa ndege ndogo, Airbus A220 au Q400, za kutuchota.

Lakini kuna jambo la kiufundi watu hawalisemi: kimo. Uwanja wetu uko mita 1,147 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi kuliko Dar, mabawa yanapata nguvu kidogo, injini vilevile, na mchana wa joto hali inazidi. Ndege inahitaji kukimbia zaidi ardhini kabla ya kuinuka, au ipunguze uzito. Kwa safari fupi huoni tofauti. Kwa safari ya saa kumi, yenye tani nyingi za mafuta, lazima mtu akae na kikokotoo.

Mfano mzuri ni Addis, mita zaidi ya 2,300. Ethiopian wakienda Washington huwa wanatua njiani kujaza mafuta, miaka tofauti walitumia Dublin na Lomé. Kurudi wanakuja moja kwa moja bila kutua. Kwenda wana mikosi miwili kwa pamoja: wanaondoka kwenye uwanja wa juu, na wanaelekea magharibi kwenye upepo. Kurudi wanaondoka Washington, karibu na usawa wa bahari, na upepo uko mgongoni. Nimeipenda hii kuliko mfano wowote, maana vitu vyote tulivyosema humu vimo.

Karanga za Buzuruga #18

Swali la kijinga: mji ulio mbali kuliko yote kutoka Mwanza ni upi? Nataka nikikosana na mama watoto nijue pa kwenda.

Mnara wa Ilemela #19

Hahaha. Ukitoboa dunia kutoka Capri Point ukatokea upande wa pili, unatokea katikati ya Pasifiki, maji matupu, kusini-mashariki mwa Hawaii. Mji mkubwa ulio jirani na huko ni Honolulu, kilomita kama 17,600 kutoka hapa. Zaidi ya kilomita 20,000 huwezi kwenda popote, ukipita hapo umeanza kurudi nyumbani. Na ndege ya abiria ya ratiba inayokwenda mbali kuliko zote bila kutua ni Singapore–New York, kilomita 15,300 na zaidi, saa 18 na kitu hewani. Kwa hiyo kwa Honolulu mama watoto atakuwa na muda wa kukupigia simu ukiwa unasubiri ndege nyingine.

Mama Kontena #20

Nimewasoma wote, mmeeleza vizuri, ila nyie wanaume mnapiga hesabu za angani. Mimi Guangzhou naenda kufunga mizigo, niwaeleze muda unaliwa wapi.

Angani ni saa 10. Sawa. Sasa hesabu kuanzia mlangoni. Chukua ndege ya Mwanza saa nane mchana, na uwanjani uwe umefika saa sita. Dar unafika saa tisa na nusu hivi. Unachukua begi, unahamia Jengo la Tatu, unapanga foleni upya, unasubiri mpaka saa mbili usiku. Guangzhou unatua saa kumi na mbili asubuhi ya kwetu. Hapo tangu utoke nyumbani ni saa 18 na zaidi, na ulizokuwa hewani hazifiki 12. Bado uhamiaji, bado kutoka Baiyun kuingia Xiaobei unakofikia. Ukipitia Dubai au Doha kwa nauli ya bei nafuu, unaweza kukalishwa uwanjani saa 9 au 14. Umbali umeongezeka kilomita elfu moja tu, ambayo ni saa moja na kidogo ya kuruka. Hizo nyingine zote ni za benchi. Kwa hiyo ukitafuta tiketi usiangalie kilomita, angalia mstari ulioandikwa jumla ya muda wa safari.

Pili, tiketi moja. Narudia: tiketi moja. Ukinunua Mwanza–Dar kivyake na Dar–Guangzhou kivyake, ndege ya kwanza ikichelewa ya pili haikujui. Nauli imeliwa. Ukiwa na tiketi moja yenye safari zote, ukikosa ya pili kwa uzembe wao wanakupangia nyingine, na begi wanaweza kulifunga hapa Mwanza ukalikuta China. Uliza kabla ya kulipa, sio kila mahali wanafanya.

Tatu, na hili limeniuma hadi leo. Saa za usiku. Binamu yangu alikatiwa tiketi na ajenti mmoja, simtaji, ikaandikwa Jumatano 00:40. Ajenti kampigia simu: "ndege yako Jumatano, saa sita na dakika 40 usiku." Binamu yangu kama binadamu yeyote wa Mwanza, akashinda Jumatano mchana anaaga ndugu, Jumatano usiku akaenda uwanjani na mabegi yake. Ndege ilishaondoka tangu usiku uliopita! 00:40 ya Jumatano ni usiku wa Jumanne kuamkia Jumatano. Sisi siku yetu haibadiliki saa sita usiku, mtu hata saa tisa usiku bado anasema "leo". Ndege haisubiri hayo. Ajenti aligoma kurudisha hata shilingi, anasema "nilikwambia Jumatano."

Kwa hiyo mimi nikiona tiketi inaanza na 00, 01, 02 mpaka 04, naiandika upya kwa kalamu: "usiku wa kuamkia siku fulani, uwanjani saa fulani". Nabandika kwenye friji.

Binti Ukerewe #21

Mama umenifungua. Kwa hiyo 20:00 ya shemeji iko salama?

Mama Kontena #22

Iko salama mwanangu. Saa mbili usiku, siku ile ile. Bora tu asisome "20" akasema saa kumi jioni, maana hao nao wapo.

Jirani wa Mwaloni #23

Mama, na uchovu je? Shemeji anasema atafika saa tano asubuhi, aoge, aingie maonyesho siku hiyo hiyo.

Mama Kontena #24

Aingie kuangalia tu, asitoe hela. Siku za mwanzo ukiamshwa saa mbili asubuhi ya Guangzhou, mwili unajua ni saa tisa usiku ya Mwanza. Ndiyo muda watu wanakubali bei yoyote ili warudi kulala. Oda zangu naziweka kuanzia siku ya tatu. Mchana atembee juani, asijifungie hotelini, na usiku hata kama macho yako wazi azime simu alale. Mwili unajirekebisha kama saa moja kwa siku, kwa hiyo mpaka siku ya tano yuko sawa. Kurudi ni rahisi zaidi, unakuwa mtu wa kulala mapema na kuamka alfajiri tu.

Mzee wa Minofu #25

Siku ya tatu! Hilo Wachina wa mabondo hawakulijua. Tuliwauzia vizuri sana.

Jirani wa Mwaloni #26

😂😂 Mzee!

La mwisho wakuu. Kurudi anatua Dar 19:40, saa moja na dakika 40 usiku. Ajenti anataka kumuunganishia ndege ya Mwanza ya saa tatu usiku. Inawezekana?

Mama Kontena #27

Kwenye karatasi. Uhamiaji, begi, forodha na zile boksi zake, kisha ahame jengo na apange foleni nyingine, wakati dirisha la kupokea mizigo linafungwa mapema. Na tumesema kurudi ndege inapigana na upepo, ikizidi dakika 30 tu imekwisha. Alale Dar, achukue ya asubuhi. Gesti ya usiku mmoja ni rahisi kuliko tiketi mpya. Ila kama yote iko kwenye tiketi moja na wenyewe wameikubali, basi lawama ni zao.

Dala wa Kisumu #28

Ama apande basi usiku ule ule, aone zaidi ya kilomita 1,100 za barabara zinachukua muda gani baada ya 8,700 za saa 11.

Nyegezi Stendi #29

Nimerudi. Nimesoma. Upepo nakubali. Ila nasema hivi, huo upepo wenyewe unatoka magharibi kwa sababu gani kama sio dunia kuzunguka?

Mnara wa Ilemela #30

Hapo Nyegezi nakuvulia kofia, umepata. Hewa ya moto inapanda huku kwetu ikweta, inasambaa juu kuelekea kaskazini na kusini. Inapoondoka ikweta inabeba ule mwendo wa mashariki wa 1,670. Ikifika nyuzi 30 kaskazini, ardhi ya huko inazunguka kwa kilomita kama 1,450 tu kwa saa, kwa hiyo hewa inakuwa inaitangulia ardhi, na sisi tunaiona kama upepo wa kutoka magharibi. Sehemu kubwa ya mwendo huo inapotea njiani kwa misukosuko, lakini unaobaki ndio unaoisukuma ndege ya shemeji. Kwa hiyo kuzunguka kwa dunia kumo, ila kunapitia kwenye hewa, hakuileti Dar mlangoni.

Nyegezi Stendi #31

Fizikia ya kidato cha pili hiyo.

Karanga za Buzuruga #32

😂😂😂

Jirani wa Mwaloni #33

Shemeji kashamwambia ajenti abadilishe ndege ya kurudi Mwanza iwe ya asubuhi, na yote iingie kwenye tiketi moja. Kalipa leo mchana. Sasa anauliza kama anaweza kubeba mabondo makavu kilo kadhaa kwenye begi, amwonyeshe mteja kule.

Mzee wa Minofu #34

Asithubutu bila vibali vya uvuvi na cheti cha afya cha mazao ya samaki. Hilo lifungulie uzi mwingine, nitakuja.